Sauti ya Pili katika Kaseti ya Ézéchiel

Katika miaka ile ya vita Butembo ilipata watawala wengi, lakini kwaya yetu ilikuwa na mtawala mmoja tu, Mama Emérence Kasika. Kofia za askari zilibadilika barabarani, mkuu wa leo akafukuzwa na mwenzake kesho, Mama Emérence akabaki palepale mbele yetu na mkono wake juu. Akiinua mkono, hata aliyekuja mazoezini na njaa alisimama wima. Mimi, Jacob, niliimba chini yake sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, na sijawahi kumwona akiogopa kitu. Labda mvua tu, maana iliwafanya watu wachelewe.

Misa tuliyoipenda kuliko zote ilitungwa na mwalimu wetu Ézéchiel, kwa Kinande, tangu wimbo wa kuingia mpaka wa kutokea. Hakuiandika. Alitufundisha kwa mdomo, kila kundi peke yake, akizunguka katikati yetu na kutuimbia sikioni mpaka tukashika. Kisha vita vikamchukua. Lori alimopanda lilishambuliwa kwenye njia ya kwenda Kirumba, naye hakurudi. Alimwacha mke wake Rébecca na mtoto mchanga, na sisi akatuachia misa ambayo hatukuwa na moyo wa kuiimba.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Halafu siku moja baada ya mazoezi Mama Emérence akasema, bila kupandisha sauti:

«Siku ya kuwakumbuka marehemu tutaimba misa ya Ézéchiel. Batu bengi bamekufa mu hii vita. Tutabaimbia na ile.»

Tukatazamana. Kwaya ilikuwa na shida ambayo kila mtu aliijua. Sauti ya kwanza tulikuwa nayo, wasichana wengi wenye pumzi nzuri. Ya tatu na ya nne tulikuwepo. Lakini akina mama wa sauti ya pili, waliofundishwa na Ézéchiel mwenyewe, hakubaki hata mmoja. Huyu alikimbilia Uganda, yule alimfuata mume kule Kasugho msituni, mwingine tulimzika. Na sauti ya pili katika misa ile ndiyo iliyoshika zote. Ukiitoa, wimbo unabaki na paa na msingi, bila kuta.

«Mama, nani atafundisha sauti ya pili?» nikauliza.

«Iko mu kaseti,» akajibu. «Tutaitoa mule.»

Kaseti hiyo ilirekodiwa Pasaka moja kabla kwaya haijatawanyika, kwa maikrofoni moja tu iliyowekwa mbele ya Ézéchiel wakati akituongoza. Ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya misa nzima.

Kuhusu chombo cha kuisikilizia hatukuwa na wasiwasi. Mume wa Mama Emérence, Papa Phinées Kambere, alikuwa mfanyabiashara wa kwenda Dubai na kurudi, na safari moja alikuja na bafle mbili, masanduku ya kutolea sauti, ambazo mtaa mzima ulizijua. Zilikuwa ndefu, nyeusi, zinang'aa, na kila moja ilikuwa na spika tatu zilizopangwa wima: kubwa chini kwa sauti nzito, ya wastani katikati, na ndogo juu kabisa kwa sauti nyembamba. Papa Phinées alikuwa ameweka kiti chake cha sofa mbele ya bafle hizo, katikati barabara, na akikualika kukikalia ujue amekuheshimu. Nilikikalia mara moja. Ninyi mnaosikiliza redio ndogo za mkononi hamjui kitu. Besi iliingia miguuni kabla ya kufika masikioni. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiimba katika ile Pasaka, mkubwa kama mlima, na nikampenda Papa Phinées kama ndugu.

Lakini kundi zima haliwezi kukaa katika kiti kimoja. Akina mama wapya wa sauti ya pili walipokuja, walijaa salon. Wengi walikaa chini kwenye mikeka, wengine kwenye mikono ya makochi, wengine mlangoni. Mama Emérence akasukuma kaseti ndani, wakasikiliza mara nyingi, kisha akawaambia waimbe walichoshika. Kila mmoja akaimba wimbo wake. Wa mkekani walishika vipande vya sauti ya kwanza na kufikiri ni ya pili. Wa mlangoni walishika yetu, ya wanaume, wakaipandisha.

«Mbona kila mutu anasikia yake?» Mama Emérence akauliza.

«Mama, katikati hakuna kitu,» akasema mmoja kutoka mkekani. «Tunasikia chini, tunasikia juu. Katikati ni kama kuna shimo.»

Mama Emérence hakubishana naye. Alimwinua mumewe kitini, akakaa yeye, akafumba macho. Kisha akahamia mkekani. Kisha mlangoni. Kisha akapiga magoti karibu na meza, na wimbo ukiendelea akawa anainua kichwa na kukishusha polepole, kama mtu anayetafuta mahali mvua inapovuja. Alipomaliza akapangusa magoti.

«Phinées, bafle yako inaimbia kiti yako peke yake.»

«Ile ni ya Dubai!»

«Hata itoke mbinguni. Ukikaa chini, inakunyima sauti ya pili. Ita dada yako.»

Dada huyo alikuwa Ornella, mdogo wake Papa Phinées, fundi wa redio moja kule Beni. Alisomea vyombo vya sauti Kisangani, na kabla ya vita ndiye aliyekuwa akisikiliza kila kipindi studio kabla hakijaenda hewani. Wakati ule redio yao ilikuwa imefungwa kwa amri ya wakubwa, basi Ornella alikuwa nyumbani na hasira zake. Dereva mmoja wa lori akapewa ujumbe wa mdomo ampelekee. Haikupita wiki, Ornella akashuka mbele ya nyumba na vumbi hadi kwenye nyusi, akiwa na katoni mbili kifuani.

Alitueleza ya njiani akiwa bado anakunywa maji. Kwenye kizuizi kimoja askari aliyetoka mbali, mwenye Lingala nyingi, aliamuru katoni zifunguliwe.

«Akaniuliza, hii ni ya kuongea na adui? Nikamwambia, hapana, ni bafle ya kusikilizia muziki. Akachungulia. Akasema, tala, spika moja moja tu! Kadogo hivi! Mu kwetu bafle mutu anaweza kuikalia. Akaita benzake baje bacheke. Bakacheka sana, bakaniambia, ndeko, dada yetu, peleka tu, hii hata mwizi ataiacha.» Ornella akaweka kikombe chini. «Miye pia nilicheka. Nilicheka mpaka lori ikaondoka.»

Jumamosi alasiri tukakusanyika wote, akina mama wa sauti ya pili na sisi wanaume wachache tuliotaka kuona. Groupe ya umeme ilinguruma nyuma ya nyumba. Ornella alikuwa ameweka visanduku vyake juu ya viti viwili vya mbao, kando ya bafle za kaka yake, na kwa kweli vilitia huruma. Kila kimoja kilikuwa na duara moja tu la karatasi nyeusi, na katikati ya duara hilo, mahali ambapo spika nyingine huwa na kifuniko, palikuwa na kidude kidogo kinachong'aa.

Papa Phinées alikuwa tayari kitini pake. «Tuanze na yangu,» akasema.

Zikaanza zake. Kisha Ornella akageuza waya kwenye ampli ileile, kaseti ileile, mahali palepale, vikaanza vyake. Papa Phinées hakusubiri wimbo uishe.

«Munasikia? Haina tumbo! Iko na njaa hii.»

Nami, nisiseme uongo, nilikubaliana naye. Sauti yetu ya nne, iliyokuwa mlima, ilikuwa imegeuka kilima. Nikasema hivyo hadharani.

«Papa Jacob anasema kweli,» Ornella akajibu. «Kwa besi, ya yaya Phinées inashinda. Hii yangu ni kadogo, haiwezi kusukuma hewa kama ile. Na ukiipigisha kwa nguvu sana, ile koni ya karatasi inatikisika, na kale kadogo ka katikati kanatikisika pamoja nayo, sauti inachafuka. Kwa feti, batu bakicheza, miye mwenyewe nitachukua ya yaya.»

«Donc tumemaliza,» akasema Papa Phinées.

«Hapana, yaya. Hatuko kwa feti. Simama kidogo.»

Papa Phinées akasimama, maana mke wake alikuwa anamtazama. Ornella akaweka kidole kwenye bafle kubwa, chini, katikati, juu.

«Hapa sauti ya mutu inakatwa vipande tatu. Moja inatokea huku chini, moja katikati, moja juu. Ukikaa mu kiti ya yaya, masikio yako iko mbali sawasawa na zote, vipande vinafika pamoja na vinaungana, unasikia mutu muzima. Hapo yaya hakudanganyika, inaimba muzuri sana. Lakini ukikaa chini kwa mukeka, kipande moja kinatangulia, kingine kinachelewa. Vinagongana njiani, vinauana. Njo lile shimo.» Akahamia kwenye kisanduku chake. «Hii tunaiita coaxial. Kale ka sauti nyembamba kako ndani ya koni yenyewe, katikati kabisa. Vyote vinatokea mulango moja. Ukae, usimame, ulale, vinakufikia pamoja.»

«Basi miye nilinunua nini?» akauliza Papa Phinées.

«Ulinunua bafle ya mutu moja mwenye kukaa muzuri.»

Tulicheka, naye akacheka mwisho, ingawa kidogo.

Mama Emérence hakutaka maneno zaidi. Alitaka jaribio lake mwenyewe. Akawaweka akina mama mikekani, migongo kwa bafle, akawaambia kila mmoja ainue mkono anapoisikia sauti ya pili ikiingia. Kwa zile kubwa, mkono ukainuka hapa, mwingine pale kwa kuchelewa, wengine wakatazamana. Kwa zile ndogo, mikono ikainuka kwa pamoja, kama kuku waliotupiwa mahindi. Mmoja akapiga kelele, «Haya! Kumbe iko hapa!» Nikaangalia uso wa Papa Phinées. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso wa mfanyabiashara aliyeona bidhaa.

Sasa nije kwa Rébecca, mjane wa Ézéchiel. Hakuwahi kuimba kwaya. Alikuwa mwanamke wa shamba na soko, mpole, na tangu msiba hakutaka kabisa kuisikia kaseti ile. Siku hiyo alikuja kwa jambo lake na Mama Emérence, mtoto mgongoni, akakuta nyumba imejaa. Alitaka kugeuka, lakini wenzake wa mlangoni wakamsogezea mahali kwenye mkeka, na kukataa mahali uliposogezewa ni aibu. Akakaa.

Wimbo uliokuwa unaendelea ni ule wa «Mtakatifu». Sauti ya kwanza inapanda peke yake, halafu ya pili inaingia chini yake taratibu. Walipofika hapo Rébecca akanyoosha shingo.

«Simamisha,» akasema.

Ornella akasimamisha.

«Huyu ni Ézéchiel.»

Papa Phinées akamjibu kwa upole: «Mama Rébecca, siku ile Ézéchiel alikuwa naongoza. Hakuimba. Sisi wote tulikuwepo.»

«Rudisha,» Rébecca akamwambia Ornella, kana kwamba hakuna mtu aliyesema.

Ornella akarudisha. Safari hii tulisikiliza sote, na sasa nilimsikia na mimi. Chini ya akina mama wale wa zamani, karibu sana na maikrofoni, palikuwa na sauti ya mwanamume, nyororo, isiyotaka kujulikana, ikiimba mstari uleule wa sauti ya pili. Wanawake wakilegea, ilikuwa inawashika mkono. Wakishika wenyewe, ilikuwa inafifia. Nilisimama katika kwaya ile Pasaka nzima, hatua chache kutoka kwake, na sikujua.

«Alikuwa nababeba,» akasema Mama Emérence.

Nilidhani Rébecca atalia. Wote tulidhani, na jirani yake alikuwa ameshaweka mkono begani kwake. Badala yake akaanza kuimba. Aliimba pamoja na mumewe, juu yake, mahali pa mwanamke, bila kukosa neno, na Ornella alipotaka kupunguza sauti Mama Emérence akamzuia kwa kidole. Wimbo ukaisha, ukafuata mwingine, akauimba na huo. Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

«Ulijifunza wapi?» Mama Emérence akamuuliza.

«Nyumbani. Alikuwaka naimba hivi kila siku, akinawa, akilisha mbuzi, akinisaidia kupepeta maharagwe.» Rébecca alitutazama kama mtu anayeomba aeleweshwe. «Miye nilifikiri njo wimbo yenyewe. Nikija kanisani nasikia wimbo ingine, najiambia, labda ile ya nyumbani ni yangu peke yangu.»

Basi hapo akalia, na sisi pamoja naye.

Kuanzia siku hiyo mazoezi yalikuwa na walimu wawili wa sauti ya pili, mmoja ndani ya kaseti na mwingine mkekani. Rébecca alifundisha kama alivyofundisha mumewe, kwa kuzunguka na kuimbia sikioni, na penye shaka Ornella alirudisha kaseti ili wote wahakikishe. Sisi wa sauti ya nne Papa Phinées alituita asubuhi, peke yetu, akatuwashia bafle zake kubwa. «Ninyi munahitaji tumbo,» alisema, na hakukosea. Tuliyarudia maneno yetu mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

Siku moja mchana, wote tukiwa salon, risasi zilianza kulia upande wa mto. Si mbali. Kila mtu alijua la kufanya. Tulilala chini, vichwa chini ya usawa wa madirisha, akina mama wakiwafunika watoto. Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Ornella akatambaa kwenda kuizima.

«Iache,» Mama Emérence akamwambia, naye shavu lake liko sakafuni. «Punguza tu. Jacob, unasikia?»

«Nasikia, Mama.»

«Sauti ya pili, munasikia?»

«Tunasikia!»

«Basi imbeni. Polepole.»

Tukaimba tumelala kifudifudi. Ni jambo la ajabu kuimba hivyo, kifua kinagonga saruji na pumzi inarudi usoni. Lakini nawaambia, kutoka kwenye visanduku vile vidogo kila sauti ilitufikia kamili, kila mtu pale alipoanguka, na Ézéchiel akiwa katikati yetu sote. Risasi zilinyamaza kabla hatujamaliza. Mama Emérence alitufanya tumalize hata hivyo, kisha ndipo akaruhusu watu waende nyumbani kuona watoto wao.

Siku ya marehemu kanisa lilijaa mpaka uani. Walikuwepo wakimbizi waliotoka upande wa Eringeti na magodoro yao vichwani, walimu wa serikali wasiojua neno la Kinande, hata askari wawili waliosimama nyuma na kuvua kofia. Mama Emérence akainua mkono. Tulipofika «Mtakatifu», sauti ya kwanza ikapanda, na ya pili ikaingia chini yake, moja, nzima, bila mwanamume wa kuibeba. Rébecca alikuwa katikati ya kundi lake. Hakutazama chini hata mara moja. Niliwaona wazee wakigeukiana kwenye mabenchi, maana walikuwa wameutambua wimbo kabla hawajajua ni nini kilichorudi ndani yake. Papa Phinées, ambaye kanisani husinzia, alikuwa amesimama tangu mwanzo.

Ornella alirudi Beni wiki ile, na kisanduku kimoja tu. Kingine alikiacha kwa Mama Emérence. «Kaseti ilirekodiwa na micro moja,» alisema, «moja inatosha kuisikia.» Kaka yake alimsindikiza mpaka kwenye lori na njia nzima alimuuliza koni za namna ile zinapatikana wapi, na kama mafundi wa Butembo wanaweza kuzitengenezea sanduku kubwa zaidi, lenye tumbo. Ornella alimwambia inawezekana. Nilimsikia akimweleza upana wa mbao mpaka dereva akapiga honi.

Alhamisi iliyofuata nilifika mazoezini mapema, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Rébecca alikuwa ameshafika. Alikuwa amepanga mabenchi ya sauti ya pili kwa nusu duara, mtoto amelala juu ya khanga pembeni, na wasichana watatu wapya, waliokuja na wakimbizi, wamekaa mbele yake. Alikuwa ameinama kwa yule wa kwanza, anamwimbia sikioni. Mama Emérence aliingia, akaona, akakaa benchi la nyuma, akamwacha aendelee.